Fundi wa Miguu katika Mji wa Mabaraza

Namna nilivyofika nchi ya Barazani haina faida kwa msomaji. Nilichoka, nikafika. Yanayofaa kuandikwa ni yale niliyoyakuta huko, na nitayaandika kama nilivyoyaona, bila kutia chumvi, kwa kuwa nchi ile haikuhitaji chumvi yangu.

Kwa mbali niliona mji mkubwa juu ya uwanda. Nilipoukaribia niligundua kuwa hauna nyumba hata moja. Ulikuwa na mabaraza tu, mtaa baada ya mtaa, kila baraza na kiti chake cha mawe, ukuta mmoja wa nyuma uliojaa maandishi na picha, na kisanduku cha kutumbukizia maswali. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu. Nilizunguka nyuma ya baraza moja lililoandikwa "Duka Kuu la Vitambaa vya Nchi Saba" nikakuta mbuzi amelala. Watu walikuwa wakipita, wakikaa, wakisoma, wakiinuka na kwenda baraza la jirani. Karakana na maduka yenyewe yalikuwa chini, mabondeni, na hakuna mwenyeji aliyeruhusiwa kuteremka bondeni kununua kitu kabla hajakaa kwenye baraza la muuzaji.

Langoni karani aliniuliza baraza langu liko mtaa gani. Nilimjibu kuwa sina. Akaandika katika daftari lake kwamba sipo. Nilipouliza kama mtu asiyekuwapo anaruhusiwa kuingia, alifikiri kidogo, akasema hakuna sheria inayomkataza, maana hakuna aliyewahi kuona haja ya kumkataza. Nikaingia.

Sheria kuu ya nchi ile ni fupi: asiye na baraza hayupo. Nyingine zote ni ufafanuzi wake. Mojawapo inasema kuwa mwenye biashara haruhusiwi kuonekana kwenye baraza lake, kwa sababu baraza ndilo yeye, na mtu hawezi kuwapo mahali pamoja mara mbili. Karani alinieleza kwamba zamani wauzaji walikuwa wakisimama wenyewe na kuzungumza na wateja, na mji ulikuwa na kelele za aibu. Nilikiri kwamba sasa ulikuwa kimya.

Nilipata pa kulala bondeni, nyumbani kwa mwanamke aitwaye Bi. Mize binti Makame. Alikuwa na miaka hamsini hivi, na kazi yake, aliyoirithi kwa baba yake, ilikuwa kutengeneza miguu ya mbao kwa waliopoteza yao. Alichonga mninga, akashona ngozi, akapima gutu la mteja kwa uzi wenye mafundo. Mguu ukiisha alimtembeza mteja uani huku yeye amefumba macho. Aliamua kama mguu umekaa sawa kwa kusikiliza kishindo chake. Niliona mtu akitembezwa hivyo mara kumi na saba, na mara zote kumi na saba Bi. Mize alitikisa kichwa akachukua tena randa.

Aliishi na mdogo wake, Faki, aliyepokea wateja na kuandika oda. Faki alikuwa mtu mwema, msafi wa mavazi, na jambo lililomuuma moyoni ni kwamba hakuna aliyewahi kuusifu ufundi wa nyumba yao mbele za watu.

Hawakuwahi kuwa na baraza. Bonde lao lilikuwa mbali na wakubwa hawakulishughulikia. Mteja alikuja kwa kuwa alimwona mwenzake anatembea vizuri, akamuuliza nani kamtengenezea. Lakini mwaka ule ilitoka amri kwamba mabonde yote yaandikishwe. Kila kazi ipate baraza katika siku thelathini na nne. Itakayokosa itafutwa katika Daftari la Waliopo, na vyombo vyake, kwa kuwa havitakuwa na mwenyewe, vitagawanywa kwa waliopo. Jirani yao, mtengeneza ngoma, alikuwa amehamia hapo kutoka bonde lililoandikishwa mwaka uliotangulia, na huko alikwisha kufutwa. Aliendelea kupita asubuhi, na watu walimsalimia kwa mazoea.

Bi. Mize aliponiona najua kuandika aliniomba nifuatane naye kwenda kutafuta namna ya kujengewa. Faki naye alikuja, amevaa koti.

Tulianza na Nyumba ya Kalibu. Ni ghala refu lenye kalibu za mabaraza mia mbili na kumi, kila moja na jina lake: ya mwokaji, ya wakili, ya kinyozi. Mtu huchagua kalibu, akajaza udongo mwenyewe, akaandika jina lake juu, na kabla ya adhuhuri baraza limesimama. Gharama ni ndogo na hulipwa kila mwezi. Asiyelipa mwezi mmoja, baraza hurudishwa kuwa udongo, wala haondoki hata na kipande. Picha za ukutani zimo ndani ya kalibu na hazifutiki. Ndiyo sababu katika mtaa mmoja nilimwona mwanamume yuleyule anacheka kwenye mabaraza kumi na moja, likiwamo la mkunga na la muuza mbolea.

Mhudumu wa pale, Bi. Saumu, alitafuta kalibu ya miguu akakosa. Ya karibu ilikuwa ya mshona viatu. Bi. Mize aliikagua kwa mikono, akauliza kama ngazi tatu za mbele zinaweza kuondolewa.

"Ngazi ni za kalibu," Bi. Saumu alimjibu.

"Wateja wangu wana mguu mmojammoja."

Bi. Saumu alizitazama zile ngazi kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza. Kisha alisema maneno ambayo sikuyatarajia kwa mtu wa dukani. Alisema angekuwa anazungumza na muuza maandazi angemwambia achukue leo akalale usingizi, maana mwenye maandazi anataka watu wajue yuko wapi na anafungua saa ngapi, basi. "Lakini wewe, dada, sikudanganyi. Kalibu haisikii mtu. Itakuwa hivyohivyo ilivyo."

Bi. Mize alimshukuru. Kuna mtu alikuwa amemtajia fundi mmoja anayefanya kazi peke yake, Pandu Machano, aliyewajengea mabaraza watu wa kitongoji cha jirani, na alitaka twende kwake siku ileile. Faki alikataa. Alikwisha kumwona huyo Pandu. Alifanya kazi chini ya turubai, na shati lake halikuwa na vifungo. Alituuliza fundi asiye na hata sebule ya kupokelea wageni atamjengea mtu sebule gani. Kwa kumridhisha, dada yake alikubali twende kwanza kwenye Jumba la Mafundi Arobaini.

Jumba hilo lina sebule nne. Katika wale arobaini niliwahesabu watatu wenye chokaa mikononi. Waliobaki walikuwa na vyeo: Mkuu wa Maono, Msaidizi wa Mkuu wa Maono, Mlezi wa Rangi, na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapatanisha Mlezi wa Rangi na wale watatu. Aliyetupokea aliitwa Bwana Muhsin, mwenye sauti laini. Alitukaribisha kwa kahawa na tende, na nakiri kwamba sijawahi kusikilizwa vizuri hivyo mahali popote.

Siku ya kwanza walimuuliza Bi. Mize, kama biashara yake ingekuwa mnyama, ingekuwa mnyama gani. Alijibu kuwa ni karakana ya miguu. Waliliandika jibu hilo kwa heshima. Siku ya pili na ya tatu walijadiliana mbele yetu kama ukuta uwe bluu inayoelekea weupe au weupe unaoelekea bluu. Walipiga kura, zikalingana, wakaunda kamati. Mara tatu Bi. Mize aliuliza nani atajibu maswali yatakayotumbukizwa kisandukuni. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba hilo ni swali zuri sana. Mara ya pili aliambiwa limeandikwa. Mara ya tatu Bwana Muhsin alimweleza kwa upole kwamba kujenga ni kazi moja na kujibu ni kazi nyingine, na jumba la wajibuji lilikuwa bado kwenye michoro.

Tuliporudi nyumbani Bi. Mize alisema hatawapa kazi hao Arobaini. Faki hakubisha. Kesho yake asubuhi aliondoka peke yake, na saa nne mkokoteni wa Mafundi Arobaini ulisimama mlangoni kuchukua, kama malipo, nusu ya mninga wao, ambao ulikuwa umekaushwa miaka sita.

Bi. Mize alitoka karakana na patasi mkononi.

"Umetia saini nini, Faki?"

"Nimetia saini tuwepo, dada."

"Umesoma?"

"Zilikuwa kurasa sitini."

Nilidhani atampiga. Alisimama akaitazama mbao ikipakiwa, gogo moja baada ya jingine, akamwonyesha mchukuzi namna ya kulilaza moja ili lisipasuke njiani. Aliniambia baadaye kuwa saini ya ndugu yako ni saini yako. Jioni hiyo hawakula pamoja, wala siku tatu zilizofuata.

Baraza lilijengwa kwa siku kumi na mbili. Ni haki niseme kwamba lilikuwa zuri. Lilikuwa la marumaru, lenye ngazi tano, na mbele ya ukuta lilining'inia pazia la hariri lililofunguka lenyewe, polepole, kwa mifuko ya mchanga iliyofichwa juu. Likifunguka lilionyesha picha ya kijana mwenye miguu yake miwili akikimbia mlimani, na maandishi ya dhahabu: "Kila Hatua ni Safari ya Nafsi." Chini kabisa kwa herufi ndogo palikuwa na jina, "Mize na Nduguye." Siku ya kulizindua Mkuu wa Maono alihutubia. Faki alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Kwa siku nane watu walikuja kwa wingi kulitazama pazia. Mafundi Arobaini waliwaletea barua ya pongezi kwamba watu mia tisa wamekaa. Kisanduku kilishushwa bondeni kila asubuhi na matarishi wa mji, na kila asubuhi kilikuwa kitupu. Hakuna mguu hata mmoja ulioagizwa, na wale wateja wa zamani waliokuwa wakija kwa kuambiana walikuwa wameanza kuogopa kuteremka kabla ya kukaa barazani.

Siku ya nane Bi. Mize alijitanda kanga usoni, akaniambia anataka kwenda kuona kwa macho yake. Nilimkumbusha sheria. Alisema hataenda kwenye baraza lake. Atakaa lililo mkabala, la muuza kandili, na kila mtu ana haki ya kutaka kandili.

Tulikaa tangu asubuhi. Watu walikuja, wakatazama pazia mara mbili, wakaondoka. Karibu na adhuhuri alikuja mtu wa makamo mwenye magongo mawili, suruali yake imebanwa kwa pini chini ya goti la kulia. Zile ngazi tano alizipanda kwa kukaa kitako na kujivuta, ngazi moja moja, magongo ameyashika kwapani. Pazia lilianza kufunguka. Alingoja. Lilipofika nusu akaingiza kichwa chini yake asome. Alisoma mpaka mwisho, akapitisha kidole kwenye ukuta kama anayetafuta kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo zaidi. Kisha akashuka alivyopanda, na badala ya kuondoka, alizunguka nyuma ya ukuta kuangalia kama kuna mtu.

Hapo Bi. Mize aliinuka. Nilimshika upindo wa kanga, akauvuta, akavuka mtaa hadi kwenye baraza lake.

"Unatafuta nini, ndugu yangu?" alimuuliza.

Yule mtu aliitwa Jecha, mkulima wa mpunga kutoka ng'ambo ya mto. Alisema ana maswali mawili tu, na ametembea siku nzima kuja kuyauliza. "Nataka kujua mguu wa mti ukikaa kwenye maji ya mpunga unaoza au hauozi. Na fundi anakuja kwa mtu, au lazima mtu avuke tena? Mto ule mimi siwezi kuuvuka mara nyingine tatu."

Alimjibu palepale. Mninga hauozi upesi, mikanda ya ngozi ndiyo itakayoharibika, kwa hiyo atamwekea mikanda ya mpira. Na fundi atakuja.

"Wewe umejuaje?"

"Fundi ni mimi."

Mlinzi wa mtaa alikuwa hatua sita kutoka pale. Alipuliza filimbi.

Kesi ilisikilizwa siku ileile, kwa kuwa kosa la kuwapo ni zito. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba saa sita mchana biashara ya Mize na Nduguye ilikuwapo mara mbili mahali pamoja, mara moja kama baraza na mara moja kama mwanamke, na kwamba kila mfanyabiashara akifanya hivyo, idadi ya waliopo itakuwa maradufu na daftari halitatosha. Bi. Mize hakukana. Alisema mtu aliuliza na ukuta haukumjibu.

Hakimu, mzee mwenye miwani mizito, alimwita Bwana Muhsin na kumuuliza kama ukuta ungeweza kulijibu swali la mpunga. Bwana Muhsin alisema ukuta uliwasilisha hisia ya jibu. Hakimu aliuliza kama hisia hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Bwana Muhsin aliomba muda akaulize wenzake.

Nilitegemea kwamba mambo yangegeuka hapo, lakini sheria ile haifanyi kazi hivyo. Hakimu alihukumu kwamba baraza linalohitaji mwenyewe aje kulisaidia si baraza. Likafutwa. Zilikuwa zimebaki siku tisa za amri, na Bi. Mize aliruhusiwa kujenga jingine katika siku hizo. Akishindwa, karakana, vyombo na mbao iliyobaki vitagawanywa. Katibu wa mahakama alipofungua kurasa sitini ili kulifuta, ilionekana kwamba kiwanja kiliandikwa kwa jina la Mafundi Arobaini, na jina lenyewe, "Mize na Nduguye", pia lilikuwa mali yao. Waliruhusiwa kulitumia kwa mfanyabiashara mwingine yeyote watakayempata.

Njiani kurudi Faki alitembea nyuma yetu. Tulipofika uani alilivua koti lake, akaliweka juu ya benchi la kuchongea, akamwambia dada yake kwamba ataondoka, aende akatafute kibarua cha kumlipa mbao yake. Bi. Mize alikuwa ameketi anavua viatu.

"Ukiondoka nani atapokea watu?" alisema, akivua cha pili. "Kaa. Ila kuanzia leo unasoma kila karatasi, na ukimaliza unanisomea mimi."

Kesho yake alfajiri alifanya jambo ambalo hakuna ofisi yoyote ya nchi ile iliyomshauri. Aliwatembelea watu kumi na mmoja wanaotembea kwa miguu aliyoitengeneza, akamuuliza kila mmoja: kabla hujaja kwangu, ulikuwa unataka kujua nini? Mimi niliandika. Nilidhani tutapata majibu kumi na moja, lakini yalijirudia hayohayo. Fundi yuko wapi na njia ina mlima au haina. Anakuja kwa mtu au haji. Mguu unachukua siku ngapi. Unagharimu kiasi gani, na kama mtu anaweza kulipa kidogokidogo. Ukilegea, nani anaurekebisha. Mwanamke mmoja mzee aliongeza kwamba alitaka kujua kama fundi ni mwanamke, kwa sababu asingekubali kupimwa na mwanamume.

Kisha tulikwenda kwa Pandu Machano. Alikuwa chini ya turubai lake, na shati halikuwa na vifungo kama alivyosema Faki. Mabaraza yake yalikuwa imara. Alisoma karatasi yangu, akasema kazi hiyo anaiweza kwa siku tano. Bi. Mize alimpa masharti. Pasiwe na ngazi hata moja. Maneno atayatoa yeye. Kiwanja kiandikwe kwa jina lake, na ufunguo wa ukuta, ule wa kufungulia ili maneno yabadilishwe, akabidhiwe siku ya mwisho.

Sharti la mwisho lilimkasirisha Pandu. Alieleza kuwa katika ufundi wao ufunguo hukaa na fundi. Baadaye niliambiwa na mwokaji mmoja kwamba baraza lake lina miaka miwili linawaambia watu bei ya zamani ya mkate, kwa sababu fundi aliyelijenga alihamia nchi nyingine na ufunguo shingoni.

"Fundi akikabidhi ufunguo, kesho utamwita kwa sababu gani?" Pandu aliuliza.

"Nitakuita kwa sababu ulijenga vizuri," alisema Bi. Mize. "Mimi mguu nikiutengeneza siufungi kwa kufuli."

Alifikiri, akakubali, ila kwa bei ya juu kidogo. Faki aliandika mapatano ukurasa mmoja, akamsomea dada yake, akamsomea na Pandu.

Siku ya tatu Pandu hakuonekana, wala ya nne. Niliona Bi. Mize anachonga vibaya. Faki alizunguka mitaa yote kumtafuta, akamkuta anamalizia baraza la mtu mwingine ambaye naye aliahidiwa siku tano. Hakumgombeza. Alikaa chini akamchanganyia chokaa siku nzima ili amalize upesi, akarudi naye. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa Faki kuchafua mikono kwa kazi ya ujenzi, na aliporudi alikuwa akitazama kucha zake kwa mshangao.

Baraza lilikamilika siku ya tisa asubuhi. Lilikuwa kiti kirefu cha chini, mteremko mpole badala ya ngazi, na ukuta mweupe wenye maswali sita na majibu yake kwa herufi kubwa. Kwa kuwa jina lao lilikuwa limechukuliwa, juu waliandika "Kwa Mize, Fundi wa Miguu." Hapakuwa na picha.

Mkaguzi wa Daftari alifika adhuhuri na orodha yake. Aliuliza pazia liko wapi. Hakuna. Mtu anayecheka? Hakuna. Kauli ya nafsi? Faki, ambaye jina lake halikuwamo ukutani, alisema hawana. Mkaguzi alisema hajui kama hicho kitu ni baraza. Alitaka kukaa ili alitafakari, lakini kiti kilikuwa kimejaa: watu watano wa magongo na ndugu zao walikuwa wakisoma, na mmoja wao alikuwa akiwasomea wasiojua. Ikabidi atafakari akiwa amesimama juani. Alifungua kitabu cha sheria, akatafuta ukurasa baada ya ukurasa. Sheria ilitaja kiti, ukuta na kisanduku. Mengine yote yalikuwa desturi tu. Akaandika kwamba Bi. Mize yupo, akaomba maji ya kunywa.

Nilikaa siku nyingine kumi. Mafundi Arobaini waliliandikisha upya lile baraza la marumaru kwa jina la "Mize na Nduguye" wakalipangisha kwa muuza viatu, na nilisikia biashara yake inakwenda vizuri, kwa sababu wateja wake wanaweza kupanda ngazi. Pandu aliitwa mara moja kurekebisha ufa, akaja. Bi. Mize alivuka mto kwenda kumpima Jecha, na alipofika huko alikuta watu wengine wawili wanaomhitaji, akatuma habari kwamba atakawia.

Kwa hiyo hakuwapo asubuhi tarishi alipoleta kisanduku chenye barua moja. Kazi ya kujibu ilikuwa ya Faki sasa, lakini mpaka siku ile alikuwa akimsomea dada yake kwanza. Barua ilitoka kwa msichana aliyepoteza mguu mwaka uliopita. Aliandika kuwa ataolewa mwezi ujao, na hakuuliza bei wala njia. Aliuliza kama ataweza kusimama siku ya harusi bila kushikwa mkono.

Faki aliketi nayo mezani. Aliandika mstari wa kwanza, uliokuwa na neno ndoto na neno nyota, akaukata. Aliandika mwingine akaukata. Kisha alikwenda karakana, akauchukua mguu uliokuwa haujamalizika, akaufunga kwenye goti lake mwenyewe alilolikunja, akajaribu kusimama. Alianguka juu ya takataka za mbao. Alijaribu tena na tena, hadi jasho likamtoka, na alipoufungua mikanda ilikuwa imemwachia alama nyekundu.

Alirudi mezani akaandika bila kuinua kichwa, akanipa nihakiki tahajia. Iliandikwa hivi: "Njoo wiki hii, usingoje. Ukipata mguu, wiki ya kwanza utakuumiza na utalia. Wiki ya pili utauzoea. Siku ya harusi utasimama mwenyewe, ila waambie waweke kiti karibu, maana hutaweza kusimama mpaka mwisho."

Sikubadilisha neno. Alikunja karatasi, akamkabidhi tarishi, akaingia kufagia.